Mikate tisa niliyoiharibu kabla bakwiti haijanikubali

Mkate wangu wa kwanza wa bakwiti, mbegu ya pembe tatu inayopikwa na kusagwa kama nafaka, ulitoka kwenye oveni ukiwa mzito kama jiwe la kusagia, umepasuka katikati kwa urefu wake wote, na nilipoukata, kisu kilirudi kimevaa utando wa kijivu ulionata kama gundi. Mama yangu, ambaye ndiye aliyenifanya niingie jikoni, alitafuna kipande kidogo kwa muda mrefu, akakimeza kwa taabu, kisha akasema kwa upole wa mzazi asiyetaka kumvunja moyo mwanawe: "Ahsante, mwanangu. Nadhani nimeshiba." Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu asubuhi.

Ilinichukua miezi mitatu, na mikate tisa iliyoishia kwenye pipa la taka, kabla sijapata mmoja ambao aliuomba tena bila kubembelezwa. Nayaeleza makosa hayo kwa jinsi yalivyofuatana, kwa sababu karibu yote yalitokana na jambo moja: nilikuwa nikiilazimisha bakwiti iwe ngano. Kila mkate ulipokataa, nilitafuta kitu cha kuongeza au kazi nyingine ya kufanya, ilhali mkate niliokuja kuupata una vitu vitatu tu, yaani bakwiti, maji na chumvi, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kuizuia mikono isiuguse.

Mama alikuwa na upungufu wa damu wa miaka mingi, ule usiosikia vidonge vya madini ya chuma hata vikimezwa kwa uaminifu. Tumbo lilikuwa likimjaa, uzito ukipungua, na kila mmoja wetu nyumbani alikuwa na maelezo yake: uzee, mawazo, chakula cha jana. Daktari alipotaja kwa mara ya kwanza uwezekano wa seliaki, ugonjwa ambao mwili hauivumilii ngano, nilifanya kosa ambalo halikuhusu kuoka lakini lilitugharimu sana. Siku hiyohiyo nilimwondolea mama kila chakula chenye ngano, nikidhani namsaidia. Tulipofika kupima wiki kadhaa baadaye, tukaambiwa kwamba kipimo cha damu cha ugonjwa huo hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza unapoendelea kupokea gluteni, yaani protini ya ngano, hivyo jibu lingeweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Ilimbidi arudie kula mkate wa ngano kwa wiki nyingine kadhaa, nasi tukimtazama akiumwa, ndipo akapimwa damu na hatimaye akachukuliwa vipande vidogo vya utumbo mwembamba kwa uchunguzi. Anayeshuku kwamba ana ugonjwa huu asiache ngano kabla vipimo havijakamilika, hata kama shauku ya kupata nafuu inamsukuma.

Majibu yalithibitisha seliaki. Katika hali hiyo kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, huushambulia utando wa ndani wa utumbo mwembamba, na utumbo ukashindwa kufyonza virutubisho, madini ya chuma yakiwemo. Hakuna kidonge cha kuiponya; tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai, nafaka nyingine ya jamii ya ngano, kwa maisha yote. Mama alitaka kujua ni nani aliyegundua kwamba adui ni mkate, nami nikamsimulia habari za daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Waholanzi walikumbwa na njaa ya vita na mkate ukaadimika, lakini watoto wenye seliaki wakaonekana kupata nafuu. Dicke aliandika tasnifu yake juu ya suala hilo mwaka 1950. "Kumbe ilibidi wengine wafe njaa ndipo hao wapone," mama akasema, akanyamaza kwa muda.

Mikate isiyo na gluteni inayouzwa ikiwa tayari ilitushinda kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa bei, kwa kuwa boflo moja dogo lilikuwa ghali mara kadhaa kuliko la ngano la ukubwa uleule. Ya pili ilikuwa orodha ya viambato iliyojaza upande mzima wa mfuko. Mama alivaa miwani, akaisoma hadi mwisho, akaniuliza ni mkate gani huo wenye maneno ambayo ulimi wake hauwezi kuyatamka. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta mkate wenye viambato vichache, na utafutaji huo ukanifikisha kwenye bakwiti.

Jina la Kiingereza la mmea huu, *buckwheat*, lina neno "ngano" (*wheat*) ndani yake, na jina hilo limewatisha watu wengi bure. Bakwiti, ambayo wataalamu huiita *Fagopyrum esculentum*, haina undugu wowote na ngano. Si hata nyasi, kama zilivyo ngano, mchele na mahindi, bali ni ya ukoo wa Polygonaceae, ambamo mmea wa rubabi nao umo. Sehemu iliwayo ni mbegu yake yenye pembe tatu, na mbegu hiyo haina gluteni kabisa. Hata hivyo, neno "bakwiti" kwenye mfuko halitoshi kuwa dhamana. Tambi za soba za Kijapani, kwa mfano, huhusishwa na bakwiti, lakini nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na mgonjwa wa seliaki anayezila bila kusoma lebo anaweza kujidhuru akidhani yuko salama. Lipo pia onyo la aina nyingine: wako watu wenye mzio wa bakwiti yenyewe, na mzio huo unaweza kuwa mkali hata kuhatarisha maisha. Aliyewahi kuvimba midomo, kutokwa na vipele au kubanwa na pumzi baada ya kuila asiiguse tena kabla ya kumwona daktari.

Sasa nirudi kwenye ule mkate wa jiwe. Nilikuwa nimenunua unga wa bakwiti, nikautia hamira, sukari kidogo, chumvi na maji ya vuguvugu, kisha nikaukanda kwa dakika kumi na tano kama ninavyokanda unga wa ngano. Unga wa ngano ukikandwa, protini zake hushikana zikafanya wavu unaovutika, na wavu huo, ambao ndio gluteni, huikamata gesi ya hamira kama puto linavyokamata pumzi. Bakwiti haina wavu huo. Ningeweza kuukanda hadi jioni na usingevutika hata kidogo. Nilichofanya ni kutengeneza udongo, na gesi yote ikatoroka kupitia ule mpasuko wa katikati.

Mikate mitatu iliyofuata ilikuwa ya kuongeza. Niliposoma kwamba gluteni inaweza kuigizwa, nilitia wanga wa viazi, mayai manne, gamu ya zanthani, ambayo ni unga wa kunatisha, na maganda ya sailiamu, ambayo ni ya mbegu inayovuta maji ikawa ute, kila mara nikibadili vipimo bila kuandika popote nilichobadili. Mkate mmoja uliinuka vizuri kisha ukabonyea ulipopoa. Mwingine ulikuwa kama raba, na huo ulitokana na haraka yangu, kwani nilitia vijiko vitano vya sailiamu mahali ambapo viwili vingetosha. Sisemi kwamba viungo hivyo ni vibaya, kwa sababu wako wanaovitumia wakapata mikate mizuri. Mimi nilivitumia kama mtu anayeziba paa linalovuja kwa kubandika kiraka juu ya kiraka, na orodha yangu ya viambato ikaanza kufanana na ile ya mfuko ambayo mama alikuwa ameikataa. Daftari dogo la kuandika uzito, saa na hali ya hewa ya kila mkate lingeniokolea angalau mikate miwili kati ya hiyo.

Wakati huo rafiki mmoja alinijia na zawadi ya chachu iliyolelewa kwa unga wa ngano, akinihakikishia kwamba uchachukaji huila gluteni yote, kwa hiyo kijiko kimoja ndani ya bakwiti kisingekuwa na madhara. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaribia kumsikiliza. Ni kweli kwamba chachu hupunguza sehemu ya gluteni, lakini mkate wa kawaida wa chachu ya ngano hubaki na kiasi kinachomdhuru mgonjwa wa seliaki. Nilimshukuru rafiki huyo na kuirudisha zawadi yake, naye hakufurahi.

Njia iliyonikomboa haitumii unga kabisa. Inatumia punje nzima zilizokobolewa, ambazo hulowekwa, husagwa pamoja na maji na huachwa zichachuke zenyewe. Juu ya punje wamo bakteria wa asidi ya laktiki na hamira za asili, na vyote viwili huamka vikipata maji na joto, kwa hiyo hamira ya dukani haihitajiki. Badala ya gluteni, bakwiti ina ute. Ukiiloweka utaona maji yamekuwa mazito na yenye utelezi, wakati mwingine yenye rangi ya waridi iliyofifia, na ute huo ndio unaolipa rojo uwezo wa kuyashikilia mapovu hadi joto la oveni liyagandishe mahali pake.

Kuijua njia hakukunizuia kuiharibu mara tano zaidi. Mara ya kwanza nilinunua punje za kahawia zenye harufu nzuri kama ya njugu, nikaziloweka, nikasubiri siku nzima, na rojo likabaki limelala bila hata povu moja. Punje hizo zilikuwa zimekaangwa, kama zinavyouzwa sana Urusi na Ukraine kwa ajili ya uji na mapishi ya sufuriani. Moto ulikuwa umeua vile viumbe vidogo tulivyovitegemea na kuuharibu ute. Punje za mkate lazima ziwe mbichi: rangi yake ni kati ya krimu na kijani kilichopauka, na harufu yake ni hafifu.

Mara ya pili nilikuwa na punje sahihi, lakini ule utelezi ulinichukiza. Nilidhani ni uchafu, nikaziosha chini ya bomba hadi maji yakatoka meupe, na pamoja na maji hayo nikaumwaga ute wote niliouhitaji. Mkate ulitoka na urefu wa vidole viwili. Siku hiyohiyo niliunguza blenda, kwa kuwa nilijaza punje zote kwa mpigo mmoja na mota ikazidiwa. Tulisikia harufu ya waya kabla ya kuona moshi. Blenda mpya ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika hesabu hii. Tangu hapo nasaga kwa mafungu mawili, nikiipumzisha mashine katikati. Kuosha nako kuna nafasi yake, nayo ni kabla ya kuloweka, wakati punje zingali kavu na vumbi lake halijachanganyika na ute.

Mara ya tatu kila kitu kilikwenda sawa hadi asubuhi, rojo likiwa limepanda na limejaa mapovu, nami kwa furaha nikalikoroga kwa mwiko ili "kulisawazisha" kabla ya kulimimina. Kwenye ngano tumezoea kulibonyeza donge na kuliumua tena, na linapanda upya. Rojo la bakwiti likishakorogwa halina nguvu ya kupanda upya. Mapovu yalikufa mbele ya macho yangu, na ingawa niliuoka hivyohivyo kwa matumaini, ulitoka umeshikamana kama sabuni.

Mara ya nne ilikuwa siku ya joto, na mimi nilikuwa nimeandika katika daftari langu jipya "saa 24" kana kwamba ni sheria. Niliporudi jioni rojo lilikuwa limeshapanda, likachoka na kushuka, pembezoni mwa bakuli pamebaki alama ya mahali lilipofikia, na harufu yake ilikuwa kali kama siki. Kwa ubishi niliuoka. Mama alisema ladha yake inamkumbusha dawa.

Mara ya tano, ambayo ndiyo ya tisa kwa hesabu yote, iliniuma zaidi kwa sababu mkate wenyewe haukuwa na kasoro. Uliinuka, ukapata gamba la kahawia, ukajaza nyumba harufu, nami nikaukata dakika kumi baada ya kuutoa. Ndani ulikuwa mbichi na wenye kunata, nikautupa kwa hasira nikidhani haukuiva. Baadaye nilielewa. Wanga ukipata joto hunywa maji na kuvimba, na hujipanga ukawa imara pale tu unapopoa. Mkate wa ngano hubebwa na gluteni wakati huo, lakini mkate wa bakwiti hauna kingine cha kuubeba. Mkate ule ungesubiri hadi jioni ungekuwa mzuri, na hadi leo nausikitikia.

Hivi ndivyo ninavyooka sasa. Napima gramu 500 za punje mbichi kwa mizani, kwa kuwa vikombe hutofautiana, nazisuuza haraka zikiwa kavu, kisha nazifunika kwa maji baridi yanayozidi usawa wake kwa vidole vitatu. Zinakaa humo kwa saa 6 hivi. Nazimimina kwenye chujio na kuziacha zichuruzike kwa dakika chache bila kuziosha wala kuzikamua, zikibaki na utelezi wake. Kisha nazisaga kwa mafungu mawili pamoja na mililita 300 za maji safi na gramu 9 za chumvi, ambazo ni takriban kijiko cha chai kimoja na nusu. Rojo linalotakiwa ni zito kidogo kuliko uji, linamiminika kwa kusitasita, na likisuguliwa kati ya vidole huwa na chengachenga ndogo. Likisagwa hadi likawa laini kabisa mkate huwa mzito zaidi. Sikulitarajia hilo, lakini nimelijaribu mara nyingi na jibu ni lilelile.

Wapo wanaotia chumvi mwishoni ili isipunguze kasi ya kuchacha. Mimi naitia wakati wa kusaga kwa sababu kuitia mwishoni kunadai kukoroga, na nimeshaeleza kukoroga kulinifanya nini. Chumvi huichelewesha kazi kidogo tu, na siku za joto ucheleweshaji huo ni msaada.

Bakuli liwe na nafasi, angalau nusu yake ibaki tupu, na lifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowekwa na kukamuliwa ili uso wa rojo usikauke. Kuhusu muda, nilijifunza kulisoma rojo badala ya saa. Kwenye joto la chumba la nyuzi 22 au 23 za Selsiasi kazi huchukua kati ya saa 18 na 24. Likifika nyuzi 28 na kuendelea, saa 10 hadi 12 zinaweza kutosha. Dalili za kuwa tayari ni rojo kupanda kwa theluthi hivi, uso wake kuvimba kidogo kama mgongo wa kobe, na mapovu kuonekana ubavuni, kwa hiyo bakuli la kioo ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Harufu iwe ya uchachu mwepesi. Madoa yenye manyoya, au michirizi ya rangi ya chungwa au ya waridi iliyokolea, au harufu ya uozo, maana yake ni kumwaga yote na kuliosha bakuli kwa maji ya moto. Hapo hakuna cha kuokoa, na kukwangua sehemu ya juu hakusaidii.

Bati langu la kuokea lina ujazo wa karibu lita 2, nami hulitandika karatasi ya kuokea pande zote, kwa sababu rojo hili hushika bati kwa ukaidi. Namimina kwa mkupuo mmoja, polepole, bakuli likiwa karibu na bati, na silitikisi wala silisawazishi uso wake. Linapumzika kwa saa moja hivi, mpaka linapanda tena kidogo lenyewe, huku oveni ikipata moto hadi nyuzi 180. Mkate unakaa ndani kwa dakika 80 hadi 90. Muda huo huonekana mrefu kwa aliyezoea ngano, na wengi huutoa mapema kwa kuwa gamba limeshakuwa zuri, lakini humo ndani maji ni mengi na yanahitaji nafasi ya kutoka. Kipimajoto cha kuchomeka kikionyesha nyuzi 97 au 98 katikati ya mkate, umeiva. Asiye nacho autoe kwenye bati dakika 15 kabla ya mwisho, auweke moja kwa moja juu ya wavu wa oveni ili ubavu nao ukauke, kisha augonge chini kwa kidole asikilize kama unalia mtupu.

Baada ya hapo ni subira. Naupoza juu ya wavu kwa saa 4 angalau, na nikiuoka jioni sikati hadi asubuhi.

Mkate wa kumi ulikuwa na vishimo vidogo vilivyoenea sawasawa, ladha ya njugu na uchachu wa mbali. Mama alikula vipande viwili bila kusema lolote, akanyoosha mkono akachukua cha tatu. Nilitoka nje kidogo, nikisingizia kwamba moshi umeniingia machoni, ingawa jikoni hapakuwa na moshi.

Ningependa simulizi iishie hapo, lakini kosa kubwa kuliko yote lilikuja nilipokuwa nimeshajiona fundi. Punje nilizokuwa nikinunua zilikuwa za mfuko uliofungwa wenye maandishi ya "haina gluteni". Wiki moja nikakuta punje za kupimwa kutoka kwenye gunia lililo wazi, zikiwa nzuri kwa macho na bei yake ikiwa nusu, nikachukua kilo tatu. Mkate ulitoka vilevile, na mama akaharisha kwa siku tatu, akarudiwa na uchovu ule wa zamani, akanitetea kwa wengine kwamba huenda ni maji. Nilirudi nikalitazama gunia kwa makini: jirani yake lilikuwa gunia la unga wa ngano, na kichoteo kilikuwa kimoja. Bakwiti inaweza kukutana na ngano shambani, kwenye mashine ya kukoboa, kwenye kinu au kwenye kichoteo, na jicho halioni lolote. Viwango vya kimataifa vya chakula, viitwavyo Codex, vinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kisipozidisha miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja, na kiasi hicho ni kidogo sana. Hakionekani, hakinukii, wala hakioshwi kwa kusuuza punje.

Siku hiyo nilitoa jikoni mwiko wa mbao, ubao wa kukatia na chujio la zamani, vyote vilivyokuwa vimetumika kwa ngano kwa miaka mingi na vyenye nyufa ambazo sabuni haifiki. Tulinunua kibanio kipya cha kubanikia mkate, kikawa cha mama peke yake, na chombo chake cha siagi kikawa na mfuniko wake na kisu chake, kwa kuwa kisu kilichogusa mkate wa ngano huacha chembe kwenye siagi. Watoto wa nyumbani walilalamika kwa wiki moja wakazoea. Kilichonishinda kuzoea ni kwamba mama aliumwa kwa mkono wangu, kwa sababu ya kuokoa fedha kidogo, na hakunilaumu hata mara moja.

Mkate huu haudumu kama ule wa kununua. Siku mbili za kwanza hukaa vizuri ukiwa umefungwa kwa kitambaa, siku ya tatu huanza kukauka na kumeguka, kwa hiyo naukata wote vipande ukishapoa, naweka karatasi kati ya kipande na kipande, na kugandisha sehemu kubwa. Kipande kilichoganda hubanikwa hivyohivyo bila kuyeyushwa kwanza, na nathubutu kusema kwamba kikibanikwa kinapita kilivyokuwa kipya. Vilivyovunjika havitupwi: vikikaushwa na kusagwa ni chenga nzuri za kupakia samaki kabla ya kukaanga, mradi mafuta yasiwe yaleyale yaliyokaanga vitu vya ngano.

Miezi mingi imepita, na kiwango cha damu cha mama kimekuwa kikipanda taratibu, ingawa daktari alituonya mapema kwamba utumbo wa mtu mzima hupona polepole. Siku hizi mikate mingi huoka mwenyewe. Juzi nilifika kwake nikakuta bakuli mezani, nikanyanyua pembe ya kitambaa ili nione rojo limefikia wapi, naye akanipiga kofi jepesi mkononi kama nilipokuwa na miaka sita. "Funika hicho, mwanangu," akaniambia. "Kikiwa tayari kitakuita."